Makofi ya Bi Odessa

Ukitaka kugombana na watu wa Dayton, waambie muziki wa fanki ulizaliwa mji mwingine. Mimi mwenyewe nishaambukizwa. Nimekaa upande huu wa magharibi wa mto mpaka mtu akiniletea habari za Detroit sijui za wapi, namkata maneno kabla hajamaliza. Nilikuja huku Marekani kwa mume. Mume akaenda zake na mwanamke wa Cincinnati, heri yake, mimi nikabaki na mwanangu na vitana vyangu, nasuka watu nywele sebuleni. Jina langu Mwanakombo liliwashinda ndimi, wakalipunguza nikawa Kombo. Lakini simsemi Kombo leo. Namsema jirani yangu Odessa Pettiford na mumewe Clovis, maana yaliyowapata nimeyasikia yote kwa masikio yangu, na mengine nimeyaona kwa macho.

Nyumba yetu ni moja, ya mbao, imegawanywa katikati kwa ukuta mwembamba: wao kule, mimi huku. Nikipiga chafya, Bi Odessa ananiombea Mungu akiwa jikoni kwake. Ni mama wa kanisa, wale wazee wanaokaa kiti cha mbele kila Jumapili, wamevaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu, na kanisa lenyewe ni lile alilolijenga marehemu baba yake aliyekuwa mchungaji. Ulimi anao. "Kombo, hiyo blauzi umeivaa wewe au imekuvaa yenyewe?" Halafu anakuletea bakuli la sukuma wiki, kaipika na shingo ya bata mzinga badala ya nguruwe, kwa sababu anajua mimi nguruwe sili. Miaka yote hiyo hajasahau hata mara moja.

Clovis alikuwa mpiga dramu wa bendi ya Hollis, na bendi ya Hollis ndiyo iliyotoa albamu ya "Tanuri". Wengine watakuambia wana albamu zao. Waache. Mtaa huu una Tanuri. Kila nyumba ilikuwa na santuri ile, kila harusi, kila pikiniki ya ukoo, kila watu wanapotoka makaburini na kula pamoja, lazima ipigwe. Na wimbo wake wa kwanza una mahali pake. Kwenye muziki huu kila mpigaji anajiendea anakotaka, besi huku, matarumbeta kule, ila wote lazima warudi watue pamoja kwenye "moja", pigo la kwanza la mzunguko. Sasa Hollis aliwafanyia watu ujanja. Katikati ya wimbo bendi nzima inanyamaza. Kimya. Unangoja ile moja roho ikiwa juu. Na ndani ya kimya kile, kabla ya wakati, unasikia makofi mawili ya mtu mmoja, pa-pa, na sauti ya msichana: "Sema!" Ndipo bendi inaposhuka.

Lo, hapo ndipo penyewe! Nimeona watu wazima na sahani zao za mbavu wakisimama kama waliogandishwa, mtu na kijiko chake hewani, halafu bustani nzima, pa-pa, "Sema!" Watoto wasiojua hata Hollis alikuwa nani wanajua pale pa kupiga makofi. Msichana mwenyewe alikuwa nani, hakuna aliyejua. Nimesuka wanawake wasiopungua watatu walioniapia kwamba ni wao. Bi Odessa wimbo ule ukianza alikuwa anakunja midomo, anasema, "Muziki wa shetani huo," anaingia ndani kuangalia makaroni yake.

Hollis akafa, bendi ikatawanyika, Clovis akaingia kiwanda cha breki kama wanaume wenziwe, mpaka kiwanda nacho kikafungwa. Alikuwa mtu wa utani, mrefu, vidole havitulii. Akiongea na wewe anapiga dramu kwenye reli ya kibaraza. Kisha kichwa kikaanza kumpotea. Kwanza funguo. Kisha njia ya kwenda kwa kinyozi. Kisha akawa anamwita binti yao Renita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Na siku moja asubuhi nikasikia kupitia ukutani, Clovis anamwuliza mkewe kwa sauti ya adabu kabisa, "Samahani mama, wewe ndiye nesi?" Nikasikia bomba la jikoni linafunguliwa, likaachwa linamwaga maji muda mrefu.

Baada ya hapo kukapita majuma ya huzuni tupu, mpaka mchana mmoja nasuka mtu nikasikia Tanuri inalia kule kwao. Kwa mama wa kanisa! Nikamwambia mteja wangu ashike kichwa chake, nikapitia mlango wa nyuma. Clovis yuko kwenye kiti chake, mikono inacheza mapajani, macho yako wazi kabisa, yule Clovis wa zamani. Kimya kikafika. Pa-pa, "Sema!" Clovis akamgeukia mkewe, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Mlokole! Umeharibu tena!"

"Nimeharibu, baba," akasema Bi Odessa, machozi yanamtiririka. "Niwie radhi."

Nikabaki mdomo wazi. Akaniona. "Funga mlango, Kombo, baridi inaingia. Na hilo domo lifunge pia."

Siku hiyo ndiyo aliyonieleza. Desturi ya bendi za hapa, wakirekodi wimbo wa kuchezeka wanawajaza majirani ndani ya studio, wanawapa kuku na soda, wapige kelele ili santuri isikike ina watu. Odessa alikuwa msichana wa kwaya. Akamdanganya baba yake anakwenda mazoezini, akafuatana na shoga zake. Hollis akawaonya wote: tukinyamaza, nyamazeni, msitie hata kikohozi. Lakini mtoto yule amelelewa wapi? Kanisani kwa baba yake, mhubiri akinyamaza, huwezi kumwacha peke yake kwenye kimya. Ni ukosefu wa adabu. Unamwitikia, unampigia makofi, unamwambia "Sema!" ili apate nguvu. Bendi iliponyamaza, mikono yake ikaenda yenyewe.

"Nilitaka ardhi ipasuke," akaniambia. "Watu wote wananitazama. Hollis kanitolea macho, anasema turudie. Huyu hapa, nyuma ya dramu zake, nilikuwa hata simjui, akasema, 'Ukimtoa huyo mlokole, na mimi natoka.' Basi wakaniacha. Baba alikufa hajui. Na kanisani hawajui. Nami nakuomba wewe usinifungulie duka la umbea."

Hivyo ndivyo Bi Odessa alivyoishi na mumewe. Asubuhi alikuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, anasukumwa, anaitwa nesi, anaitwa mwizi wa soksi. Mchana anaweka sindano kwenye santuri, kimya kinafika, na kwa muda wa wimbo mmoja anakuwa na mume. Wakati mwingine Clovis alimshika mkono mpaka santuri ikaisha. Akimwachia alikuwa anaangalia kiganja chake, anajiuliza alikuwa ameshika nini.

Renita anakaa Columbus na alikuwa anakuja kila akipata nafasi. Ni mtoto mzuri, wala asionekane mbaya. Alikuwa anaona mama yake anavyokonda, anaona alama za vidole mkononi. "Mama, utatangulia wewe. Nyumba ya wazee imepatikana, safi, watu wema. Mpaka lini?"

"Mpaka siku atakapokuwa hanijui," Bi Odessa akasema. "Siku hiyo mchukue, na mbele za Mungu sitasema neno. Lakini akinijua hata kwa kitambo kidogo kwa siku, haendi mahali. Nilimwahidi kanisani, sikumwahidi jikoni."

"Sawa, Mama," Renita akasema. "Basi ndiyo hivyo." Nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe changu cha chai, nimesikia wote wawili walivyokubaliana.

Theluji ikaja. Siku moja kabla ya adhuhuri Bi Odessa anakaanga kambare, mafuta yanalia, hakusikia mlango. Mimi ndiye niliyesikia kishindo nje. Kutoka, namkuta Clovis amelala chini ya ngazi za kibaraza, kavaa pajama na juu yake koti lake la zamani la jukwaani, la zambarau, halifungi tena tumboni. Damu kwenye paji la uso. "Niinue, binti," ananiambia, "Hollis ananingoja, tunarekodi." Na kwapani kashika ganda la karatasi la santuri ya Tanuri. Nikalichukua. Lilikuwa limekunjika, na ndani yake vipande vikagongana.

Bi Odessa alipofika mlangoni hakuangalia damu kwanza. Aliangalia mkono wangu. Nilimchukia mtu huyo aliyebuni santuri ya kuvunjika, wallahi.

Walimshona paji la uso akarudi nyumbani, na toka siku hiyo giza. Hakumjua asubuhi, hakumjua mchana. Alijifungia bafuni akapiga kelele kuwa kuna bibi kizee amevamia nyumba. Renita akapiga simu: "Jumamosi nakuja na mama mmoja kutoka ile nyumba ya wazee. Mama, uliapa."

"Niliapa," Bi Odessa akasema. Akaweka simu, akavaa koti lake. "Kombo, vaa viatu."

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Mtaa wa Tatu, mtaa wa Germantown, mpaka kule juu. Santuri iliyokuwa kila nyumba, haipo. Huyu alimpa mwanawe, huyu ilipotea kwenye mafuriko ya chumba cha chini, huyu aliuza. Wengi waliuza. Wageni wamekuja na magari yao mazuri, Mholanzi, Mjapani, wamezoa masanduku kwa masanduku. Kwa kinyozi Thaddeus tulipiga ukelele wa furaha: Tanuri iko ukutani, imewekewa fremu na kioo! Thaddeus akajikuna shingo. "Ni ganda tu, Mama Pettiford. Yenyewe niliiuza. Yule Mholanzi alilia alipoishika, nikaona huruma."

"Alilia?" Bi Odessa akauliza.

"Machozi kabisa."

"Na mimi nitalia kwa nani?" Akatoka nje, akasimama kwenye theluji na kofia yake. Kumbe Ulaya wanaicheza Tanuri, Tokyo wanaicheza, na mtaa ulioipika hauna hata moja. Nilitaka kumtukana Thaddeus lakini ananinyolea mwanangu, nikameza.

Kwenye simu yangu nilitafuta, Tanuri yenyewe haimo, nikapata tu nyimbo za vijana waliokata kipande cha dramu za Clovis wakaweka maneno yao juu. Tulimsikilizisha. Clovis akasikiliza, akakunja uso. "Nani huyu anayerudiarudia kitu kimoja? Mwambieni apige wimbo uishe." Na kwenye nyimbo zile kimya hakuna, wala makofi. Walichukua dramu tu.

Renita ndiye aliyeleta nafuu, au tulidhani nafuu. Alikuwa anajua santuri ile humwamsha baba yake, ya makofi hajui; akaniambia kwa simu kwamba kampuni imeitoa Tanuri upya, kwa kumbukumbu, naye keshaagiza moja. "Anti Kombo, mimi sina roho mbaya. Namletea Mama nafasi ya mwisho. Akimjua, nitarudi mikono mitupu na nitafurahi."

Jumamosi wakaja, Renita na yule mama wa nyumba ya wazee, Bi Tisdale, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Bi Odessa alikuwa amevaa vizuri, amepaka mafuta ya midomo. Santuri mpya ilikuwa nzito, inang'aa, na kwenye ganda imeandikwa kwamba sauti imesafishwa. Clovis ameketi kwenye kiti chake, anaangalia dirisha. Bi Odessa akaweka sindano.

Dramu zilipoanza, vidole vya Clovis vikaamka. Mungu wangu, ilisikika vizuri! Ungedhani Hollis yuko pale sebuleni. Bi Odessa akasogea mbele ya mumewe, akapiga magoti, uso kwa uso, anangoja. Nami nangoja. Kimya kikafika.

Hamna kitu.

Kimya kitupu, safi, kimefuliwa. Halafu bendi ikashuka. Wale waliosafisha walitoa kelele za watu zote, na Bi Odessa wakamtoa humo humo.

Mikono ya Clovis ilibaki hewani. Hakushuka na bendi. "Yuko wapi?" akasema.

"Nani, Baba?" Renita akauliza.

"Yule binti! Mmemtoa. Hollis! Nilikwambia akitoka yeye natoka!" Akaanza kulia, mzee wa watu, kwa sauti, mabega yanaruka. Bi Odessa akamshika magoti. "Clovis, ni mimi. Ni mimi, baba." Clovis akamsukuma. "Ondoka wewe! Nenda kamtafute!"

Bi Odessa akainuka kwa kushika meza, akarudisha sindano mwanzo. Akasimama wima katikati ya sebule, mama wa kanisa, mbele ya mwanawe na mgeni. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Kimya kilipofika akapiga makofi yake kwa uangalifu, pa, pa, akasema, "Sema."

Clovis akamtazama juu mpaka chini. "Siye," akasema. "Huyu bibi anamwigiza."

"Mama, unafanya nini?" Renita akauliza, naye sauti imevunjika. "Basi, Mama. Yatosha."

Bi Odessa akaketi. Akajifunika uso kwa mikono ile iliyovimba viungo, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, kama anavyoomba kwenye vitanda vya wagonjwa. "Bwana, usinipite. Bwana, mimi nimechoka, usinipite." Renita akamnong'oneza Bi Tisdale kuhusu nguo za baba yake za kufungasha, sweta zipi, viatu vipi. Mimi nilikuwa nasikia hasira tu, hasira ya kuvunja vyombo, na sina wa kumvunjia. Wimbo ulikuwa unaendelea, hakuna aliyekumbuka kuuzima. Na wimbo ule una kimya cha pili, karibu na mwisho, cha ghafla zaidi.

Kikaja. Bi Odessa yuko ndani ya maombi yake, macho amefumba, wala hakujua wimbo umefika wapi. Mikono ikamtoka usoni yenyewe. Pa-pa! "Sema!" Mapema, kabla ya wakati, kwa nguvu zote, kama mtoto wa mchungaji.

Clovis akaangua kicheko. "Mlokole! Hivi wewe kusubiri hujui?" Akamnyooshea mkono, akatikisa vidole: njoo, njoo. Bi Odessa akaenda kwa magoti, akaweka kichwa pajani pake, naye akampigia dramu mgongoni taratibu mpaka wimbo ukaisha.

Bi Tisdale alikuwa ameshika kifua. "Yesu wangu. Ni wewe? Mimi nimepiga makofi hayo kwenye harusi yangu!"

"Mama," Renita akasema, "muda wote huo? Ulikuwa unatuambia ni muziki wa shetani."

Sindano ilikuwa imeingia wimbo wa pili. Clovis akaangalia kichwa kile cheupe pajani mwake, akakiinua kwa heshima. "Mama, samahani," akamwambia. "Yule binti wa makofi unamfahamu? Mwambie nitampeleka kwao mwenyewe. Nasikia baba yake mkali."

"Nitamwambia," Bi Odessa akasema.

Renita akamvuta mama yake pembeni, jikoni, lakini kuta za nyumba yetu zote ni nyembamba, na mlango ulikuwa wazi. "Mama, nakupenda. Lakini Baba hakukujua wewe. Kamjua yule binti."

"Na mimi ni nani, Renita?"

Renita akambusu mama yake, akaondoka na Bi Tisdale na kiti cha nyuma cha gari kikiwa kitupu. Ahadi ni ahadi, na yeye aliitimiza.

Hiyo ilikuwa theluji ya mwaka jana. Sasa kila mchana nasikia Tanuri kupitia ukutani, ile safi, na kimya kikifika nasikia pa-pa, "Sema!" ya mwanamke mzee. Wateja wangu wanacheka, wanadhani nimewasha redio. Mwanzoni baada ya makofi nilikuwa nasikia kicheko. Kisha kikawa siku moja moja. Tangu miti ilipoanza kupata majani sijakisikia. Juzi nilipeleka chai nikaona kwa macho yangu: Bi Odessa anapiga makofi, mikono imefungwa bandeji ya viungo, na Clovis anaangalia dirisha, vidole vimetulia pajani. Hageuki. Bi Odessa akarudisha sindano, akapiga tena. Hageuki.

Aliniona nimesimama mlangoni na sinia. "Leo amechoka," akaniambia.

"Ndiyo, Bi Odessa."

"Kombo. Renita akikuuliza..." Akarudi kwenye santuri.

Renita alinipigia jana. "Anti Kombo, niambie kweli. Baba bado anamjua Mama?" Upande wa pili wa ukuta bendi ilikuwa imenyamaza. Nikasikia pa-pa. Sikusikia kitu kingine.

"Anamjua," nikasema. "Hata sasa hivi anamcheka."